UZI: Amekamatwa Ijumaa jioni. Saa 24 zinahesabiwaje, bondi inapatikanaje, na hakimu aambiwe nini?

#1 MezaYaMsaada (Kisumu)

Wadau wa Kisumu, Nakuru na magharibi kwa jumla, hamjambo. Swali linalorudi kila wiki ni hili: mtu wetu amekamatwa Ijumaa jioni pale Kondele, polisi wanaweza kukaa naye hadi lini? Majibu mengi yanataja "saa 24" na kuishia hapo. Hayo yanapotosha, na familia inakesha nje ya kituo ikidai kitu ambacho sheria haisemi, huku kile inachosema hakidaiwi na yeyote.

Kifungu cha 49(1)(f) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kina sehemu mbili. Ya kwanza inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Ya pili ndiyo inayoweka mwisho: zisipite saa 24 tangu akamatwe. Ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, mwisho unasogea hadi kufungwa kwa siku ya mahakama inayofuata.

Sasa tupige hesabu. Amekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaishia Jumamosi saa kumi na moja jioni, mahakama haikai. Mwisho ni Jumatatu jioni, na Jumatatu ikiwa sikukuu, ni Jumanne. Hapo kituo hakijavunja kitu kwa kulala naye wikendi.

Mwingine amekamatwa Alhamisi saa tatu asubuhi. Saa 24 zinaishia Ijumaa saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Huyu hawezi kuwekwa mpaka Jumatatu, hata wakisema faili haijakamilika.

Wa tatu ndiye anayeleta mgogoro: Alhamisi saa mbili usiku. Saa 24 zinaishia Ijumaa saa mbili usiku, korti imefungwa. Ukisoma sehemu ya pili peke yake, wanaweza kukaa naye hadi Jumatatu, na vituo vingi hujificha hapo. Lakini sehemu ya kwanza haijafutwa. Ijumaa nzima mahakama ya Kisumu na ya Winam zilikuwa wazi, na zote ziko mjini. Ni nini kilichozuia? Swali hilo aliulize mshukiwa au wakili wake mbele ya hakimu Jumatatu, na polisi ndio wenye kulijibu.

Halafu saa zinaanza kuhesabiwa alipokamatwa, si alipoandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo. Mtu akikamatwa saa nne asubuhi, akazungushwa kwenye gari hadi jioni, saa zake zimekuwa zikihesabiwa kutoka saa nne. Karatasi ya mashtaka ina nafasi ya tarehe ya kukamatwa, nafasi ya kuonyesha kama palikuwa na waranti, na nafasi ya tarehe ya kufikishwa kortini. Tarehe ikiwa si sahihi, ipingeni papo hapo: "Mheshimiwa, nilikamatwa Jumatano, si Alhamisi. Naomba iandikwe." Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama, jaji wa rufaa hawezi kuliona.

#2 LangaLanga_Nakuru

Umeeleza vizuri. Naongeza upande wa kituoni, kwa sababu wengi hawangoji hata kufika kortini.

Chini ya kifungu cha 123 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mtu kwa bondi ya polisi kabla ya kortini, isipokuwa makosa kama mauaji, uhaini, na wizi wa mabavu pamoja na jaribio lake. Bondi ya polisi haina malipo. Ni karatasi: mshukiwa anatia sahihi kwamba atafika kituoni au kortini siku fulani, pengine na mdhamini. Shilingi haitoki.

Kuna kitu kingine kinaitwa dhamana ya pesa taslimu ya polisi. Hiyo ina pesa, na ina risiti rasmi yenye jina na kiasi. Pesa zikitoka mfukoni na hakuna risiti, hiyo si dhamana, ni hongo, hata ikiitwa jina gani. Na ubaya wake hauishii kwenye pesa. Mtu aliyetoka bila karatasi hana ushahidi kwamba aliachiliwa. Wiki mbili baadaye anaweza kusomwa kama mtoro.

Mkifika kituoni ulizeni nambari ya OB, kosa analoshukiwa, jina la afisa mpelelezi, na saa iliyoandikwa ya kukamatwa. Andikeni hapo hapo. Kama anatumia dawa za kisukari, presha au ARV, mwambieni askari wa zamu na muombe hilo pia liandikwe kwenye OB. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa linataka seli iwe safi, yenye mwanga na choo, wanawake watengwe na wanaume, na watoto watengwe na watu wazima.

#3 MamaManyatta

Asanteni wanangu. Naomba kuuliza. Mpelelezi akisema "andika taarifa tu, ukimaliza unaenda nyumbani", mtu afanye nini? Na akiambiwa afungue simu?

#4 Lurambi_Leo (Kakamega)

Mama, shikamoo. Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Kifungu cha 49(1)(a) kinamtaka afisa amwambie mtu mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Kunyamaza si ukaidi. Anayetaka kunyamaza aseme kwa adabu: "Nitaongea nikishakutana na wakili wangu," halafu anyamaze kweli. Kosa la kawaida ni kunyamaza kuhusu kosa lenyewe kisha kupiga gumzo kuhusu mahali ulipokuwa usiku ule, uliandamana na nani, simu alikuwa nayo nani. Gumzo hilo linaandikwa. Ajitambulishe kwa jina na makazi, atosheke.

Kuhusu kukiri, kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kiko wazi. Maungamo hayapokelewi kama ushahidi ila yametolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa ngazi ya inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kumbuka, amemchagua yeye, hajaletewa. Kanuni za 2009 zinaongeza kwamba asiwe amenyimwa chakula, maji wala usingizi, aulizwe lugha anayopendelea, aelezwe haki ya kuwa na wakili, na aongee na huyo mtu wa tatu kabla ya kuanza. Kwa hiyo karatasi aliyotia sahihi saa nane usiku mbele ya mpelelezi peke yake haiwezi kusimama kama maungamo. Ikiletwa kortini, ipingwe kabla hakimu hajaipokea kama kielelezo. Ukingoja mpaka mwisho wa kesi ndipo useme ulipigwa, hakimu atauliza mbona ulikaa kimya ilipokuwa ikisomwa.

Na kama alipigwa, aseme siku ya kwanza kortini, aonyeshe alama, aombe amri ya kupelekwa hospitali. Kisumu hiyo ni Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Nakuru ni hospitali kuu ya kaunti. Alama za mapigo hupotea haraka, na daktari wa mwezi ujao hawezi kuandika asichokiona.

Simu: Kifungu cha 31 kinalinda mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inataka amri ya mahakama kabla ya kupekua data. Mpelelezi anaweza kuichukua simu kama kielelezo, naye mshukiwa ahakikishe imeorodheshwa. Kuifungua kwa nywila yake mwenyewe ni jambo jingine, na jibu lile lile la wakili linafaa hapo.

#5 Bungoma_Kwetu

Lakini wadau, si wakizidisha saa 24 tu kesi inaanguka? Hapa mtaani ndivyo tunavyojua.

#6 MezaYaMsaada

Ndugu, hiyo ilikuwa kweli kwa muda, sasa si kweli. Mwaka 2006, katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua, Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mtu kwa sababu ya kuzuiliwa kupita muda bila maelezo. Watu wengi wakatoka kwa njia hiyo. Mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyo hiyo ikasema kucheleweshwa kituoni ni kosa la polisi lenye tiba yake, nayo ni fidia, lakini hakufuti shtaka lenyewe. Mahakama zimekuwa zikifuata njia hiyo.

Usiache kulitaja, ila ujue unalitajia nini. Kwanza, lina uzito kwenye ombi la dhamana. Pili, kama kuna ushahidi uliopatikana katika siku zile za ziada, Kifungu cha 50(4) kinaitaka mahakama iukatae ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kusikilizwa. Tatu, unaweza kufungua ombi la kikatiba Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22 kudai fidia, na Katiba inasema hakuna ada ya kulifungua.

Jambo jingine linalosahaulika ni siku hiyo ya kwanza kortini. Kifungu cha 49(1)(g) kinatoa njia tatu tu: asomewe mashtaka, aelezwe kwa nini anaendelea kuzuiliwa, au aachiliwe. Polisi wakitaka siku zaidi lazima walete ombi la maandishi na hati ya kiapo chini ya kifungu cha 36A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, yenye kutaja kosa, uchunguzi uliofanywa tayari, na sababu ya kumhitaji akiwa ndani. Amri moja haiwezi kupita siku 30. Hakimu atamuuliza mshukiwa kama ana la kusema, na asijibu "sina". Amuulize hakimu: hati ya kiapo iko wapi? Aseme anakoishi, kazi yake, na kwamba yuko tayari kuripoti kituoni kila wiki. "Bado tunachunguza" peke yake si sababu.

Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Kifungu cha 49(2) kinakataza mtu kuwekwa rumande kwalo. Vijana wa boda boda na wachuuzi walijue hilo.

#7 TafsiriSahihi

Nami niseme kuhusu dakika tatu za kujibu shtaka, maana ndizo zinazojaza magereza ya Kodiaga na Shikusa.

Kifungu cha 50(2)(m) kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili, na wengine wetu Kiswahili cha sokoni tunakijua lakini Kiswahili cha "kwa pamoja na wengine ambao hawako mbele ya mahakama" hakituingii. Ukiulizwa lugha gani, taja ile unayoota nayo: Kijaluo, Kibukusu, Kilogooli, Kikipsigis, Kiteso. Usione haya. Kumbukumbu za siku hiyo zitaonyesha lugha iliyotumika, na hilo ni jambo la kwanza mahakama ya rufaa hutazama.

Shtaka linasomwa, karani anatafsiri, mshtakiwa anajibu "en adier", ni kweli. Lakini ni nini kilicho kweli? Kwamba alikuwa pale, au kwamba alifanya? Mfano wa kila siku: "Ndiyo nilimpiga, lakini alikuwa amenishika shati akitaka kunichoma kisu." Hapo hajakiri kosa. Ametoa utetezi wa kujikinga, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Mshtakiwa akikatiza sentensi yake kwenye "ndiyo nilimpiga", amejifunga mwenyewe.

Tangu kesi ya Adan ya 1973 utaratibu unajulikana. Shtaka na kila sehemu yake vielezwe kwa lugha yake. Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kama amekiri, kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi. Huo ndio mlango wa pili, na wengi hawajui upo. Ukisikia maelezo yanasema uliiba mbuzi watatu na wewe unajua ulikutwa na kamba tu, sema si sahihi. Hakimu lazima abadilishe jibu liwe la kukana.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamfungia mlango aliyekiri: hawezi kukata rufaa juu ya hatia, ila juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Wanaoshauri jamaa zao "kubali tu, utapewa faini ndogo" wanamshauri mtu atupe rufaa yake kabla hata hajaijua. Naumia kila ninaposikia ushauri huo ukitolewa nje ya korti, tena na watu wanaomtakia mema.

#8 LangaLanga_Nakuru

Kweli kabisa. Sasa bondi ya kortini, maana hapo ndipo familia zinapohangaika na bahasha.

Kifungu cha 49(1)(h): dhamana ni haki, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito. Kuzithibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka. Kifungu cha 123A cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinataja yanayopimwa: uzito wa kosa, tabia na mizizi ya mtu katika jamii, kama aliwahi kuruka dhamana, nguvu ya ushahidi, na usalama wake mwenyewe. Hata mwenye shtaka la mauaji anaweza kupewa.

Hakimu akisema, kwa mfano, "bondi ya 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au pesa taslimu 50,000", ni moja kati ya hizo mbili. Pesa taslimu hulipwa kwenye akaunti ya Mahakama, si mkononi mwa mtu, na amri ya kuachiliwa hutolewa. Njia ya mdhamini ina safari ndefu. Anahitaji hatimiliki yenyewe au logbuku ya gari, cheti kipya cha upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ripoti ya mthamini inayoonyesha thamani imetosha, kitambulisho, PIN ya KRA, picha za pasipoti na barua ya chifu. Shamba la familia linahitaji idhini ya mke au mume. Kisha mdhamini anahojiwa: unamjuaje, anaishi wapi, unaelewa utapoteza nini akitoroka? Anayejibu "nimeombwa tu na jirani" anarudishwa.

Kinachokwamisha zaidi huku kwetu ni hatimiliki iliyo bado kwa jina la babu aliyefariki. Urithi haujafunguliwa, shamba ni la watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayeweza kulitoa. Msipoteze wiki mkizunguka na hati hiyo. Tafuteni mwajiriwa mwenye stakabadhi za mshahara, kama mahakama inazikubali, au ombeni masharti yabadilishwe.

Kuomba yabadilishwe hakuna aibu. Mshtakiwa anaweza kumwomba hakimu yule yule siku ya kutajwa kwa kesi, akieleza hali yake kwa undani: mapato ya siku, watu anaowalisha, alichojaribu kikashindikana. Ikishindikana, Mahakama Kuu ina uwezo chini ya kifungu cha 123(3) kupunguza. Sheria yenyewe inasema kiasi kisipite kadiri. Dhamana ambayo mtu hawezi kuifikia ni sawa na kunyimwa.

Mara nyingi hakimu ataagiza ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kuamua. Afisa huyo atapiga simu na kutembelea nyumbani. Hakikisheni nambari mliyotoa inapokelewa, na mzee wa mtaa anamjua kwa jina linaloandikwa kwenye faili, si jina la utani. Ripoti inayosema "makazi hayakutambulika" inamrudisha rumande mtu ambaye nyumbani kwao wote wanamjua kama Baba Fulani.

#9 Bungoma_Kwetu

Nimesikia na nimekubali kusahihishwa. Sasa wakili. Serikali inatoa au haitoi?

#10 MezaYaMsaada

Inatoa, lakini si kwa kila kesi. Kifungu cha 50(2)(h) kinasema mtu apewe wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila hivyo atapata dhuluma kubwa. Kwenye mauaji Mahakama Kuu humpangia wakili. Kwa makosa mengine, Mahakama ya Juu katika kesi ya Karisa Chengo mwaka 2017 ilieleza yanayoangaliwa, yakiwemo uzito wa kosa, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, na uwezo wa mshtakiwa kujitetea na kumlipa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kifungu cha 43, inamtaka hakimu amweleze haki hiyo mshtakiwa asiye na wakili. Asipoelezwa, aulize mwenyewe siku ya kwanza. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ina ofisi Kisumu na Nakuru. Nendeni na nakala ya karatasi ya mashtaka na maelezo ya mapato.

Kuhusu ushahidi: 50(2)(j) inampa haki ya kuuona mapema. Hii ni sheria iliyokolezwa na kesi ya hapa hapa Bonde la Ufa. Katika kesi ya Cholmondeley, iliyotokana na mauaji ya 2006 katika shamba la Soysambu, Mahakama ya Rufaa mwaka 2008 ilisema upande wa mashtaka lazima utoe taarifa za mashahidi wake, huku upande wa utetezi ukiwa haulazimiki kutoa zake. Ombeni taarifa zote, ripoti ya daktari, orodha ya vitu vilivyochukuliwa, na nakala ya OB ya ripoti ya kwanza. Ukipewa asubuhi ya kusikilizwa, usiseme uko tayari. Mwombe hakimu siku za kuzisoma. 50(2)(c) ndiyo inayokupa huo muda.

Ile ripoti ya kwanza ina thamani kubwa. Kama mlalamishi aliripoti kwamba "watu nisiowajua walinivamia" na miezi mitatu baadaye anasema alimtambua jirani yake kwa mwanga wa taa ya barabarani, swali la kumhoji limeshajitengeneza.

#11 Lurambi_Leo

Hilo la kutambuliwa linahitaji maneno zaidi, hasa wizi wa mabavu, ambao adhabu yake ni kifo. Ilipofika Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo katika kesi ya Muruatetu, lakini mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji tu. Kwa hiyo gwaride la utambulisho kwenye wizi wa mabavu ni suala la uhai.

Kanuni zake zinatoka kesi ya Mwango wa Manaa ya 1936 na bado zinafuatwa. Mshukiwa mmoja asimamishwe kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura ya jumla. Aambiwe anaweza kuwa na wakili au rafiki. Achague pa kusimama, na kila shahidi akitoka anaweza kubadilisha nafasi. Mpelelezi wa kesi hasimamii zoezi hilo. Shahidi aambiwe kwamba mtu anayemtafuta huenda yupo, huenda hayupo, kisha amguse anayemtambua. Mashahidi waliokwisha kuona wasichangamane na wanaongoja. Mwisho mshukiwa anaulizwa kama ameridhika, na jibu lake linaandikwa.

Linaharibikaje? Shahidi anakaa kwenye benchi la kituo huku mshukiwa akipitishwa na pingu kwenda chooni. Au mmoja tu ndiye asiye na viatu na mwenye nguo za siku nne. Mshukiwa aliyeona hayo aseme swali la mwisho linapoulizwa: "Sijaridhika, huyu shahidi aliniona kwenye korido asubuhi." Watu hutia sahihi "nimeridhika" kwa uchovu. Sahihi hiyo ni ngumu sana kuifuta.

#12 MamaManyatta

Na mtoto? Na je, polisi wakikana kwamba wako naye?

#13 Lurambi_Leo

Mama, Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai kabisa, na chini ya miaka 14 huchukuliwa kwamba hawezi kupambanua jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nendeni na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku hiyo hiyo, kwani polisi wakikisia umri kwa macho watamwandika mtu mzima. Asilale seli moja na watu wazima. Akinyimwa dhamana, anapelekwa mahabusu ya watoto, ambayo ipo Kisumu, Kakamega na Nakuru.

Kituo kikikana, msizunguke wiki nzima. Kifungu cha 51(2) kinaruhusu kuomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake, na Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Hati ya kiapo inahitaji mambo ya kushikika: alichukuliwa wapi, saa ngapi, gari la rangi gani na nambari gani, nani aliona, vituo gani mmeuliza na nani aliwajibu. Iwasilisheni kama jambo la dharura. Sambamba na hiyo, pelekeni malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi.

#14 Bungoma_Kwetu

La mwisho kwangu. Mlalamishi akiacha kuja kortini, au kesi "ikiondolewa", mtu yuko huru moja kwa moja?

#15 TafsiriSahihi

Inategemea kifungu, na uulize kabla hujatoka kizimbani. Ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kabla hujaanza kujitetea, umeachiliwa tu, wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lile lile. Chini ya 202, mlalamishi akikosa kufika na hakimu akakuachilia, hiyo ni kutopatikana na hatia, na 50(2)(o) ya Katiba inazuia kushtakiwa upya. Mwombe karani akuonyeshe kilichoandikwa.

Kesi ikiendelea na hakimu akahamishwa katikati, anayemrithi lazima akwambie, chini ya kifungu cha 200, kwamba unaweza kudai mashahidi warudiwe. Upande wa mashtaka ukimaliza na hakimu akaona una kesi ya kujibu, wewe mshtakiwa una njia tatu: kusema kwa kiapo na kuhojiwa, kusema bila kiapo na kutohojiwa, au kunyamaza. Maneno ya kiapo yana uzito zaidi, lakini asiyeweza kustahimili mahojiano afikirie vizuri.

Akifungwa, rufaa ni ndani ya siku 14 tangu hukumu. Aliye ndani anaipitisha kwa mkuu wa gereza, haihitaji wakili. Muda ukipita kwa sababu nakala ya hukumu ilichelewa, aseme hivyo na aombe ipokelewe. Aangalie pia kama siku alizokaa rumande zilihesabiwa, kama kifungu cha 333(2) kinavyotaka. Mara nyingi zinasahauliwa, na mtu anatumikia mwaka mzima ambao alikwisha kuutumikia.

#16 LangaLanga_Nakuru

Na ile pesa taslimu ya dhamana hurudishwa kesi ikiisha, awe amefungwa au ameachiliwa, mradi alihudhuria vikao. Inarudi kwa jina lililo kwenye risiti. Kwa hiyo siku ya kulipa, mama aliyeuza ng'ombe ndiye aandikwe kuwa mlipaji, si kijana aliyetumwa kuzipeleka. Piga picha risiti, weka ile yenyewe pamoja na hatimiliki.